Salamu za Jovia

Gisimenti, Kigali
28 Januari 2024

Mpwa wangu Yasmina,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, tunasukuma siku. Goti la mama Hirwa limetulia kidogo tangu aache kupanda mlima wa Biryogo mbio kama msichana. Hirwa yuko chuo mwaka wa pili, lakini kwa kula amekwisha hitimu. Karatasi uliyochora unyayo wa Gaju nimeipokea kwa mkono wa Kamanzi. Nimeipima mwenyewe: namba thelathini kamili. Mtoto wa miaka sita! Viatu vyake vya Idi ni juu yangu, na usibishe.

Masharti yako nimeyashika yote. Sikutafuti kwa simu, jina la Nzega silitamki hata kitandani, na barua hii Kamanzi ataiweka chini ya kiti cha lori lake kama zilizotangulia. Juzi mama yake Norman alipita hapa dukani. Ati mwanawe amebadilika, anataka mke na mtoto warudi nyumbani. Nikamwambia, mama, hata kwenye kikao cha familia alibadilika, tukampigia makofi sote, na wiki ile ile Yasmina akaja kwangu na alama za vidole shingoni. Akaondoka bila kuaga, nami sikumsindikiza.

Sasa sikia balaa langu. Hirwa alinifungulia imeili ya duka ili wateja wanitumie picha za mishono. Wateja wametuma tatu. Waliobaki ni wauzaji! Kila asubuhi nafungua nakuta arobaini, hamsini. Huyu ana viwanja, huyu ana dawa ya nguvu, huyu ananiuzia bima ya mbwa na mimi mbwa sijawahi kumfuga. Jana mmoja ameniandikia: "Usumani, umechoka kutafuta suti inayokukaa?" Mimi! Fundi wa miaka thelathini na minne! Nimebonyeza yale maandishi madogo ya chini ya kujitoa, wakaniletea fomu nijieleze mimi ni nani na najitoa kwa nini. Nikaijaza kwa adabu. Kesho yake zikaja themanini. Hirwa anacheka tu: "Papa, hii iko spamu, futa bila kusoma."

Lakini nitafutaje barua inayoanza na "Habari za asubuhi, ndugu Usumani, wewe na familia hamjambo?" Madrasani tulifundishwa kwamba salamu ikikufikia, uirudishe kwa iliyo bora kuliko ile. Kwa hiyo naitikia kwanza, mistari miwili mitatu, ndipo nakataa biashara yao. Inanimalizia asubuhi nzima.

Mbusu Gaju.

Mjomba wako,
Usumani


Nzega
19 Februari 2024

Shikamoo mjomba,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, na goti la mama Hirwa limezidi kupona. Sisi hatujambo. Nashona sare za shule kwa mama mmoja karibu na stendi ya malori. Hapendi maswali, wala mimi simuulizi yake. Gaju ameanza kusema kama watoto wa hapa. Juzi ameniita "maza," nikacheka mpaka nikajichoma sindano. Bado anaamka akisikia mlango unagongwa kwa nguvu.

Mjomba, barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili sikucheka. Unakumbuka kazi ya Norman? Wewe ulimwita "mtu wa kompyuta" ukaishia hapo. Pale ghorofani Sonatubes, yeye na wenzake wanne, kazi yao ni kutuma hizo hizo imeili zinazokuudhi, kwa niaba ya maduka. Zamani, tulipokuwa bado tunacheka pamoja, alikuwa akinionyesha. Alisema bidhaa si kitu. Wanatuma elfu kumi ili wapate watu ishirini wanaojibu. "Anayejibu ndiye mali," alisema. Kisha hao ishirini wanaandikiwa mmoja mmoja, polepole, wakiulizwa hali, mpaka waseme wenyewe wanachotakiwa kusema. Norman alikuwa hodari kuliko wote. Aliandika kwa majina ya wanawake, kwa sababu, alisema, wazee hawamkatalii mwanamke mwenye adabu.

Usijibu hata moja. Hata salamu, mjomba. Kama ni dhambi, niandikie mimi.

Niambie pia wanaanzaje. Nakili kama walivyoandika.

Mpwa wako,
Yasmina


Gisimenti, Kigali
3 Machi 2024

Mpwa wangu,

Asalaam aleikum. Kamanzi hajarudi. Nasikia giaboksi imemfia Kahama na anasubiri kipuri. Kwa hiyo sijapata neno lako, lakini naandika, nitampa akifika. Mwezi mtukufu unabisha hodi. Kanzu zimenijaa mpaka mlangoni na mama Hirwa ameninunia kwa sababu nyumba imekuwa stoo.

Nina habari njema kuhusu yale matangazo. Si wote wahuni! Kuna binti mmoja, Jovia, wa duka linalouza nyuzi na vitambaa kwa mtandao. Huyu amelelewa. Hanipigii kelele za punguzo. Anaanza na hali yangu, anauliza goti la mama Hirwa, anaulizia kama Hirwa amefaulu mitihani. Nilipomwambia dada yangu, mama yako, alifariki mwaka wa kumi na tisa, aliniandikia rambirambi ndefu hata nikafuta miwani. Mteja wangu mmoja wa Nyarutarama, mwenye nyumba ya vyumba tisa, hajawahi kuniuliza hata kama nimekula.

Jovia ameuliza kama nina jamaa mafundi nje ya Kigali wanaoweza kupenda katalogi ya vitambaa vya sare. Tumeongea ya kawaida tu. Ana viatu vya watoto pia, vizuri, ngozi halisi.

Hirwa anasema nimepata mchumba wa mtandaoni. Nimemtuma dukani kwa miguu mpaka Biryogo kwa adhabu.

Mjomba wako,
Usumani


Gisimenti, Kigali
24 Machi 2024

Yasmina,

Asalaam aleikum. Tumefunga salama. Kamanzi alifika jana na barua yako ya Februari. Nilikwisha mkabidhi ile yangu ya tarehe tatu kabla sijafungua yako, na ameifungia huko kwenye lori pamoja na hati zake za mzigo. Usiitilie maanani sana. Niliiandika kwa furaha ya mwezi.

Nimeacha kuwajibu. Huyo Jovia sikumwambia kitu. Umeuliza wanaanzaje: wanaanza kama watu wote.

Viatu vya Gaju vitachelewa kidogo.

Mjomba wako


Nzega
14 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Idi imepita, mkono wa Idi nawapa wote. Tulikula pilau kwa mama mwenye duka, na Gaju alipewa puto.

Barua zako mbili zimenifikia kwa siku moja, jana. Nimezilaza mezani bega kwa bega. Katika moja Jovia ni binti aliyelelewa, mnaongea ya kawaida. Katika nyingine hukumwambia kitu. Mjomba, wewe hujui kusema uongo. Ukisema uongo barua yako inakuwa fupi.

Nikueleze lililotokea huku. Siku tatu kabla ya Idi, wakala wa mabasi alileta kifurushi dukani. Juu kimeandikwa: "Kwa mtoto wa fundi wa kutoka Kigali." Hakuna jina la mtumaji. Ndani mna viatu vyeusi vya shule, ngozi halisi, namba thelathini. Gaju alivivaa kabla sijasema neno, akazunguka navyo dukani. Nilimvua akilia. Mama mwenye duka akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nije akaniuliza: "Dada, nani anakujua hapa?"

Nilikuwa nikiomba Mungu viwe vimetoka kwako. Barua yako inasema vyako vitachelewa.

Ulimwambia nini? Niandikie neno kwa neno. Usinionee huruma na usijionee huruma mwenyewe. Nataka kujua kama nina wiki au nina siku.

Yasmina


Gisimenti, Kigali
27 Aprili 2024

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Mama Hirwa hasemi nami tangu nimsomee barua yako. Kula nakula peke yangu.

Neno kwa neno, kama ulivyotaka. Mwezi wa pili Jovia aliuliza kama watoto wa dada yangu wananitembelea. Nikasema nilibaki na mmoja tu, msichana, naye yuko mbali. Akasema pole, upweke ni mbaya. Baadaye akaniuliza katalogi ya sare aitume wapi. Nikasema kuna mpwa wangu fundi huko Tanzania, njia ya malori. Akauliza, Kahama? Nikasema hapana, mbele kidogo. Akataja Nzega mwenyewe, Yasmina, naapa, akaitaja yeye, nami nikaandika, "Umejuaje!" Niliandika hivyo kabisa, na alama ya mshangao. Wiki ya kwanza ya Machi akasema ana viatu vya watoto, anapenda kumpa zawadi mtoto wa mpwa wa mteja mwema. Nikampa namba. Nilijivunia kuijua bila kupima tena.

Ulimi hauna mfupa, na vidole vyangu havikuwa nao pia. Nilikuwa nikiandika asubuhi, duka halijafunguliwa, na kila siku kulikuwa na mtu wa kuniuliza nimeamkaje. Barua yako ilipofika niliona aibu. Miaka sitini na moja, nimewalea wewe na Hirwa nikiwafundisha msiseme uongo, kisha nikakuandikia mistari mitano ya uongo ndani ya Ramadhani. Nisamehe au usinisamehe, lakini ondoka hapo.

Kamanzi anaondoka leo saa tisa. Nimemwambia asilale Rusumo.

Usumani


12 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sitaandika niko wapi. Gaju ni mzima. Amekataa kula siku ya kwanza, sasa anakula.

Barua yako ilinikuta tarehe 30 asubuhi. Tarehe 30 hiyo hiyo mchana nilimwona. Nilikuwa kwenye banda la fundi viti, nimekwenda kuazima mkasi, na Norman alikuwa amekaa mbele ya duka letu juu ya kreti la soda, mkoba wa kompyuta mapajani, anamenya chungwa. Alikuwa akiongea na mama mwenye duka taratibu, kwa heshima, kama anavyoongea na kila mtu. Mama yule alikuwa akitikisa kichwa. Mungu amlipe. Gaju alikuwa shuleni. Nilipita nyuma ya choo cha stendi, nikamchukua darasani, na Hakizimana, yule dereva rafiki wa Kamanzi, akatupandisha kwenye lori lake la mihogo. Niliacha sare kumi na sita hazijatiwa vifungo.

Nina hasira na wewe, mjomba. Naiandika ili isikae moyoni. Nilikuomba jambo moja. Nilivumilia kutosikia sauti ya mtu wa kwetu mwaka mzima, na wewe hukuweza kuvumilia kumnyima mgeni salamu. Nakupenda na nina hasira.

Sasa nisikilize. Nahitaji cheti cha kuzaliwa cha Gaju, kiko kwenye sanduku la bati la mama Hirwa. Bila hicho shule haimpokei tena. Nitakuja mwenyewe, bila mtoto, Rusumo, upande wa kwetu wa mpaka, kwa Béatha anayepika chapati karibu na daraja. Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa nne asubuhi. Mpe Kamanzi bahasha amwachie Béatha.

Na ndani ya bahasha niandikie jambo hili: je, imeili zinaendelea? Norman hapotezi muda kwa mtu aliyekwisha kumpa anachotaka. Zikiendelea, bado ananitafuta, nami nitapumua. Zikikoma, ameshajua.

Yasmina


Rusumo
1 Juni 2024, saa moja asubuhi

Yasmina,

Sikusalimu. Soma ukiwa umeinamia jiko la Béatha kana kwamba unachagua chapati, na usigeuke.

Zilikoma Jumanne. Nilifungua asubuhi nikakuta moja tu, ya Jovia. Aliandika: "Asante kwa ushirikiano wako, baba Hirwa. Tumekuondoa kwenye orodha yetu. Tunakutakieni safari njema." Baada ya hiyo, sanduku tupu. Miezi mitano nimeomba liwe tupu, na siku ile nilikaa mbele yake nikilibonyeza na kulibonyeza, nikitamani hata yule wa bima ya mbwa.

Sikuelewa safari gani. Jumatano nikambana Kamanzi. Akanitolea simu yake. Kumbe naye ana Jovia wake, wa matairi, kwenye simu, tangu mwezi wa nne. Binti mwema, anamuuliza barabara ikoje, anakula wapi, analala wapi. "Mzee, mimi nilimwambia chapati tu," ananiambia. "Nilimwambia kwa Béatha iko tamu, na Jumamosi nitakuwa na mzigo mudogo wa kumwachia." Nilitaka kumpiga, nikakumbuka sina mkono wa kumpigia mtu kwa kosa hilo.

Sikuwa na njia ya kukuzuia usije. Hii barua ya kukukataza kuja ungeipata kwa kuja tu. Kwa hiyo nimeileta mwenyewe. Nimepanda basi la alfajiri ya jana, nimelala kwa Béatha kwenye magunia ya unga. Nimemweleza yote. Bahasha anayo yeye kwenye aproni, na cheti kimo ndani.

Norman alifika jana jioni. Amekodi chumba ng'ambo ya barabara. Sasa hivi ninapoandika amekaa benchi ya nje, na chai, na ule mkoba. Askari wapo hapa darajani, nimekwenda kwao alfajiri. Wakaniuliza amefanya nini. Nikasema anakunywa chai. Walinisikiliza kwa upole na wakasema wataangalia. Wanaangalia.

Ananiona, nami namwona. Amenisalimu mara moja: "Muraho, mjomba, hata huku tunakutana?" Sikumjibu. Nimekazia macho karatasi hii. Ameona nimebadilika, akacheka kidogo, akarudi kwenye chai yake. Anajua kwamba kama mimi niko hapa, wewe uko njiani.

Fanya hivi. Ukimaliza kusoma, lipa chapati moja. Pita jikoni ndani. Mlango wa nyuma hauna komeo. Chini ya mteremko lori la Hakizimana limewashwa. Kaa chini, usikae kitini.

Mimi nitahama benchi. Nitakuwa nimekaa mbele yake, kati yake na mlango wa jiko. Na ukiingia tu nitamwitikia ile salamu yake. Nitaiitikia yote, kama nilivyofundishwa. Nitamuuliza hali yake, na ya mama yake, na ya baba yake aliyebaki Mbarara, na kazi ya Sonatubes, na wenzake wanne, mmoja mmoja, anitajie majina. Nitamshika mkono wa kuume kwa mikono yangu miwili, kama mkwe anavyoshikwa na mjomba, na sitauachia mpaka nisikie lori limevuka daraja. Watu watakuwa wanatutazama. Hawezi kumvunja mkono mzee anayemsalimu mbele za watu, na akiuvunja, askari watakuwa wamepata cha kuangalia.

Utapita nyuma yangu karibu kabisa. Utaliona shati nililolishona mwenyewe. Usiniite mjomba. Usiseme shikamoo. Hiyo moja nisaidie.

Saa nne inakaribia, nampa Béatha karatasi hii. Nakuona unakuja kutoka upande wa soko, naye bado anatazama darajani. Umekonda.